Kipande na Leseni

Kijana msomaji, ukipata nafasi ya kusimama kando ya soko la Tseikuru, huko kaskazini mwa Kitui, asubuhi ya siku ya soko, utaona mambo mengi kwa wakati mmoja. Utaona punda waliobebeshwa madumu ya maji, mbuzi wakiswagwa kwenda kuuzwa, akina mama wenye magunia ya mtama na pojo, na lori likiunguruma tayari kushika njia ya Kyuso hadi Mwingi. Katikati ya wote hao utaona pikipiki zikipenya huku na huku kama nyuki. Kila mmoja ana haki ya kuitumia barabara ile. Punda haulizwi cheti, wala mama mwenye gunia haulizwi. Anayeulizwa ni mmoja tu, naye ni yule aliyeshika usukani wa chombo cha moto. Je, kwa nini aulizwe yeye? Ni nani aliyeanza kumwuliza, na tangu lini?

Nimeona vema kuyajibu maswali haya kwa sababu wengi wenu mmekaribia umri wa kuomba leseni ya udereva, au mmeufikia. Najua pia kwamba baadhi yenu mmekwisha kuendesha pikipiki pasipo leseni, usiku au katika njia za vijijini ambako askari ni nadra kuonekana. Sikusudii kuwakemea kwanza. Nakusudia kuwasimulia historia, kwa maana mtu asiyejua thamani ya kitu huweza kukitupa au kukinunua bei ya bure, kisha akajuta.

Tuanze nyumbani. Zamani kabla ya motokaa, Wakamba walisifika kwa safari za mbali. Misafara yao iliteremka mpaka pwani ya Mombasa ikipeleka pembe za ndovu, na kurudi na nguo, shanga na waya za shaba. Katika viongozi wa misafara hiyo hakuna aliyejulikana kuliko Kivui wa Mwenda, mtu wa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea nyumbani kwake mmisionari Johann Ludwig Krapf, na tarehe 3 Desemba mwaka huo Krapf akauona Mlima Kenya akiwa katika nchi ya Kitui. Miaka miwili baadaye, mwaka 1851, Kivui aliuawa karibu na Mto Tana msafara wake uliposhambuliwa njiani.

Fikiri, msomaji, juu ya kazi ya mtu kama huyo. Ilimpasa ajue maji yalipo, mahali pa kulala, wakati wa kuondoka na wakati wa kungoja. Hakuwa na karatasi mfukoni, lakini watu hawakuzitia roho zao mikononi mwake kwa bahati nasibu. Walimfuata kwa kuwa walikwisha kumwona akienda na kurudi. Basi tangu hapo kale palikuwa na mtihani na palikuwa na imani ya watu, japokuwa cheti hakikuwapo. Sheria za baadaye zilikuja kuiandika imani hiyo katika karatasi.

Sasa tutoke kidogo, tuitazame dunia. Motokaa ya Karl Benz, fundi wa Ujerumani, ilisajiliwa mwaka 1886. Mnamo Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, aliichukua pasipo kumwarifu mumewe, akawapakia wanawe wawili vijana, akasafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim hadi Pforzheim na kurudi. Hakukuwa na sheria iliyomtaka awe na leseni, kwa kuwa hapakuwa na dereva mwingine barabarani wa kugongana naye! Lakini majirani walilalamikia kelele na harufu ya chombo kile, na mwaka huo huo Benz akapewa na wakuu wa dola yake ruhusa ya maandishi ya kukiendesha njiani. Wengi huihesabu barua hiyo kuwa leseni ya kwanza duniani. Mwaka 1893 mji wa Paris, nchini Ufaransa, uliamuru kila dereva awe na cheti cha kuonyesha kwamba anaweza kuendesha.

Uingereza ilishika njia nyingine, nasi yafaa tuitazame kwa makini, kwa sababu ndiko sheria zetu za barabara zilikotoka. Sheria yao ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, ilimtaka kila dereva awe na leseni. Umri wa kuendesha motokaa ulikuwa miaka 17, na wa pikipiki miaka 14. Bei ya leseni ilikuwa shilingi 5. Mtihani je? Haukuwapo. Mtu alilipa shilingi zake katika ofisi, akapewa karatasi, akatoka akaendesha. Leseni ile ilikuwa stakabadhi tu, kama ile ya kulipia mzigo.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Magari yakazidi, na vifo vikazidi pamoja nayo. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za Uingereza, hali magari yao yote hayakufika milioni 3. Hapo ndipo Bunge lao lilipoamka. Sheria ya mwaka 1934 ilileta mtihani wa udereva, na tangu tarehe 1 Juni 1935 mtihani huo ukawa wa lazima kwa madereva wapya. Herufi L nyekundu, ambayo mwanafunzi huibandika mbele na nyuma ya gari ili wengine wajihadhari naye, ilizaliwa wakati huo huo. Naomba ulishike jambo hili, kwa maana tutalirudia mwishoni: Waingereza waliishi miaka 30 na leseni isiyo na mtihani, na bei yake halisi haikuwa shilingi 5. Ilikuwa roho za watu.

Turudi Kenya. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana katika Afrika ya Mashariki. Barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na nyumbu wa kubeba mizigo. Basi mizigo ya jeshi ikatwikwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwakusanya wanaume kwa nguvu kutoka wilaya nyingi, wakawa wapagazi wa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Wengi wao waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi yametokana na kikosi hicho.

Punde baada ya vita hiyo, tangu mwaka 1919 na 1920, serikali ilianza kuwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande. Kilikuwa karatasi yenye jina la mtu, alama za vidole vyake na habari za kazi zake, nayo ilitiwa katika kikopo cha chuma kilichovaliwa shingoni. Mtu aliyeacha kazi kabla tajiri wake hajatia sahihi aliweza kutafutwa na kushtakiwa. Aliyeonekana bila ya kipande alikamatwa. Wazungu hawakukivaa. Watu walikichukia kipande hata kilipofutwa mwaka 1947, pakaja sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Huenda ukauliza, kipande kinahusiana nini na leseni ya udereva? Kinahusiana sana. Vyote viwili ni vyeti ambavyo askari huweza kukudai njiani. Ukivitazama kwa juu vyafanana kama pacha. Lakini kipande kilisema hivi: mtu huyu haaminiki, mchunguzeni. Leseni yasema: mtu huyu amejaribiwa, mwaminini. Kipande mtu alivishwa pasipo kuulizwa. Leseni mtu huiomba mwenyewe, akaistahili kwa kazi yake. Kipande kilimtenga Mwafrika na Mzungu. Leseni, pale sheria ifuatwapo kwa haki, haiulizi rangi wala kabila, wala mtoto wa nani. Asiyeijua tofauti hii huiona kila karatasi ya serikali kuwa ni kipande, akaiona fahari kuikwepa.

Vita Kuu ya Pili, mwaka 1939 hadi 1945, ilileta badiliko kubwa. Karibu Wakenya 100,000 walitumika jeshini, na Wakamba walikuwa wengi miongoni mwao. Safari hii mizigo ilichukuliwa kwa malori. Vijana waliotoka katika vijiji vya Ukambani, ambao baba zao walitwikwa masanduku ya risasi vichwani, walifundishwa udereva na ufundi wa magari, wakaendesha malori ya jeshi hata Ethiopia na mpaka Burma, huko Asia. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka katika muda wa miaka 25 tu: baba alikuwa mpagazi, mwana akawa dereva. Waliporudi, wengine wao walichanga akiba zao wakanunua malori ya kuchukua abiria na mizigo. Wengi hawakufanikiwa, kwa uhaba wa fedha na vizuizi vya nyakati zile. Hata hivyo ujuzi wao ulibaki mikononi mwao, na udereva ukawa kazi ya heshima. Mtu aliyeitwa dereva kijijini aliamkiwa kama mwalimu.

Sheria ya barabara tunayoitumia hata leo ilitungwa mwaka 1953, nchi ilipokuwa katika hali ya hatari, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Baada ya uhuru imekuwa Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, nayo imerekebishwa mara nyingi. Sheria hiyo yasema kwamba mtu asiendeshe chombo cha moto barabarani pasipo leseni ya chombo cha aina hiyo. Aliye chini ya miaka 16 hapewi leseni kabisa, na aliye chini ya miaka 18 hapewi leseni ya motokaa. Anayetaka kuchukua abiria kwa malipo hutakiwa awe na umri mkubwa zaidi.

Kwa miaka mingi leseni ya Kenya ilikuwa kijitabu kidogo chekundu. Kila ilipofanywa upya, karatasi nyingine ya malipo ilibandikwa ndani, hata kijitabu cha dereva mkongwe kikanenepa kama pochi ya tajiri. Katika mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu ya biashara hiyo, na matatu zikaenea nchi nzima. Zilileta faida kubwa, lakini mbio na msongamano vilileta misiba. Mwezi wa Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutumika: mikanda katika viti, na kidhibiti mwendo cha kuzuia gari la abiria lisipite kilomita 80 kwa saa. Mwaka 2012 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi na Barabarani, ambayo siku hizi husimamia mitihani na leseni, kazi ambayo zamani mtahini wake alikuwa askari wa polisi. Tangu mwaka 2017 kijitabu chekundu kimeanza kuipisha kadi ndogo yenye kumbukumbu za dereva ndani yake.

Je, kijana wa Tseikuru aipataje leseni leo? Njia yake haina siri. Kwanza hutimiza umri, akapata kitambulisho cha taifa. Pili huomba leseni ya muda, ambayo ni ruhusa ya kujifunza wala si ruhusa ya kuendesha peke yake. Mwenye leseni ya muda hana budi kuwa na mwalimu au dereva mwenye leseni kando yake ndani ya gari, na herufi L mbele na nyuma. Tatu hujiunga na chuo cha udereva. Kwa wengi wa kwetu hapo ndipo penye taabu, kwa maana yabidi kusafiri hadi Mwingi, kwenye barabara kuu ya Garissa, na kulipa nauli juu ya karo. Nne hukaa mtihani.

Mtihani huo una sehemu ambayo kila dereva wa Kenya huikumbuka mpaka uzeeni. Mezani huwekwa ubao wenye mfano wa mji, wenye barabara, vivuko, makutano na mizunguko, na vigari vidogo kama vya watoto. Mtahini humwambia mwanafunzi: "Peleka gari hili hospitalini," au "Geuza, urudi ulikotoka." Mwanafunzi hukisukuma kigari kwa kidole, akieleza kila afanyalo: ashika upande wa kushoto, atazama kioo, atoa ishara, awapisha waliomo katika mzunguko wanaotoka kulia kwake. Wengine huucheka ubao huo wakasema ni mchezo. Si mchezo. Ubao hauna vumbi wala kelele, na kwa hiyo waonyesha jambo moja tu: kama kichwa cha mtu kinajua zamu ya nani kupita. Asiyejua zamu yake juu ya meza hataijua juu ya lami. Baada ya ubao huulizwa alama za barabarani, kisha hutoka na mtahini akaendesha gari lenyewe. Akifaulu, huipata leseni yake.

Nami najua swali lililo moyoni mwako: ya nini taabu yote hii, hali pikipiki naweza kuiendesha tayari? Ngoja tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Mbuzi akiruka njiani, macho yako humwona, akili huamua, mkono hushika breki. Hayo huweza kuchukua sekunde nzima kabla breki haijaanza kazi. Basi umekwisha kupita mita 17, upana wa vyumba viwili vya darasa, ukiwa abiria tu wa pikipiki yako mwenyewe. Mafunzo hayawezi kuifuta sekunde hiyo. Yaweza kukufundisha kuitazamia: kupunguza mwendo karibu na soko, shule na kivuko cha mto mkavu, kabla mbuzi hajaonekana.

Nilipata kumfundisha kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa hodari wa hesabu na mpole wa tabia. Mnamo mwaka 2008 serikali iliondoa kodi fulani juu ya pikipiki ndogo, na tangu hapo bodaboda zikaenea hata kwetu, zikawa ajira ya vijana wengi. Kijana huyu alipomaliza shule naye akapata pikipiki. Siku moja alinijia akicheka, akanionyesha leseni. Nikamuuliza alisomea chuo gani. Akajibu kwamba hakusoma popote. Mtu wa njiani alipokea fedha zake, na baada ya siku chache akamletea karatasi. Aliniona sikufurahi, akasema, "Mwalimu, ni karatasi tu."

Haikupita miezi mingi. Alimchukua mama mmoja kutoka sokoni pamoja na gunia lake. Kwenye mteremko wa mto mkavu gurudumu likaingia mchangani, naye kwa hofu akaikaza breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikapinduka. Yeye alichubuka mikono, lakini mama yule alivunjika mguu, na msimu ule hakulima. Watoto wake walikuwa wanafunzi wetu. Kijana alipokuja kuniona hakucheka tena. Alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, karatasi ilikuwamo mfukoni, lakini mikono haikujua la kufanya."

Hapo ndipo penye maana ya historia hii yote. Kijana yule hakujua kwamba alikuwa amerudi Uingereza ya mwaka 1904, mahali ambapo mtu hulipa akapewa karatasi. Dunia ilikwisha kulijaribu jambo hilo miaka 30, ikazika maelfu, ikajifunza. Anayenunua leseni hainunui leseni hata kidogo, hununua stakabadhi ya udanganyifu. Naye hajidanganyi peke yake: amemdanganya mama mwenye gunia, aliyepanda nyuma yake akidhani ameaminiwa na waliomjaribu.

Katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu na kwa pikipiki ni wengi miongoni mwao. Wazee wetu husema, "Ajali haina kinga." Naiheshimu methali hiyo inapomfariji aliyefiwa. Lakini isitumiwe kumtetea dereva asiyejifunza. Ziko ajali zisizo na kinga, na ziko ajali ambazo kinga yake ilikuwapo, mtu akaikataa kwa kuona taabu ya safari ya Mwingi.

Basi, kijana msomaji, siku yako itakapofika, usione haya kuibandika ile herufi L. Yasema tu kwamba wewe ni mwanafunzi, na uanafunzi haujamdhuru mtu. Ukianguka katika mtihani, rudi ujifunze tena. Kuanguka mbele ya ubao ni nafuu kuliko kuanguka mtoni. Na utakapoipokea leseni yako, kumbuka mpagazi aliyetwikwa mzigo bila ya hiari, na babu aliyevaa kipande shingoni kwa sababu hakuaminiwa. Kumbuka pia Kivui na msafara wake, waliomfuata kiongozi kwa kuwa walimjua. Sasa unaaminiwa wewe. Barabara ya Tseikuru ni ya punda, ya mbuzi, ya mtoto aendaye shule na ya mama atokaye sokoni. Wote hao hawakuiona leseni yako, wala hawataisoma. Lakini kila wanapokanyaga barabara wewe ukipita, wamekukabidhi roho zao. Itunze amana hiyo.